Kupima homoni za wasichana wa sekondari kwa kutoa damu mara moja: inatosha?

Uzamili_Moshi

Habarini wakuu, wakubwa shikamooni. Naandaa pendekezo la utafiti wa uzamili (afya ya umma). Mada ni hedhi isiyo na mpangilio na hali ya homoni kwa wasichana wa miaka 13 hadi 18. Shule nne: mbili za kutwa Moshi mjini, moja ya bweni Kibosho, na moja Usa River.

Mpango wenyewe: kila shule siku moja. Hojaji, uzito, urefu, halafu mililita 5 za damu kwenye mrija wa kifuniko chekundu. Humo nitapima FSH na LH (homoni za ubongo zinazoongoza ovari), estradioli (estrojeni kuu), projesteroni, prolaktini, testosteroni, TSH (inayoamrisha tezi ya shingo) na himoglobini. Jumla wasichana 320, kama 80 kila shule. Bajeti inaruhusu kumtoa damu kila mmoja mara moja tu.

Msimamizi anauliza damu itatolewa siku ya ngapi ya mzunguko. Naomba mnisaidie hapo. Pia, je, naweza kutumia matone ya damu yaliyokaushwa kwenye kadi badala ya sindano? Kwenye hojaji nina maswali mawili ya hedhi: "Mzunguko wako ni siku ngapi?" na "Je, hedhi yako ni ya kawaida?"

---

Maabara_Majengo

Swali la msimamizi wako ndilo utafiti wenyewe. Piga hesabu ndogo. FSH, LH na estradioli za kulinganisha mtu na mtu huchukuliwa siku ya 2 hadi ya 5, ukihesabu siku ya kwanza ya damu kuwa siku ya 1. Hizo ni siku 4. Mzunguko wa msichana wa umri huo tuseme ni siku 32 kwa wastani. Kwa hiyo ukifika shuleni siku moja na kukuta wasichana 80, walio kwenye dirisha hilo ni mmoja kati ya wanane, yaani kumi tu. Sabini waliobaki watakupa namba ambazo huwezi kuzisoma. Estradioli ya mwanzo wa mzunguko na ile ya siku moja kabla ya yai kutoka zinaweza kupishana mara tano na zaidi kwa mtu yuleyule, naye ni mzima kabisa.

Projesteroni ndiyo mbaya zaidi. Haikuambii kitu mpaka uichukue takriban siku 7 kabla ya hedhi INAYOFUATA. Wengi wamekariri "siku ya 21", lakini hiyo ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye siku 35 yake ni ya 28. Ikizidi nanogramu 3 kwa mililita (kama nanomoli 9.5 kwa lita) yai lilitoka. Ikiwa chini, kabla hujasema "hakutoa yai" ni lazima ujue hedhi iliyofuata ilikuja lini. Sampuli iliyochukuliwa siku 15 kabla ya hedhi itakuwa chini hata kwa mtu mwenye afya kamili.

Zinazovumilia siku yoyote ni TSH na, kwa kiasi, prolaktini na testosteroni. Na hizo nazo zina masharti yake:

Prolaktini hupanda mtu akiwa na hofu, akitoka kukimbia, akitoka kulala. Binti aliyepanga foleni akimwona mwenzake anachomwa sindano na kulia, prolaktini yake tayari imepanda. Mkalishe dakika 20 hadi 30 mahali asipoiona sindano, na damu itolewe asubuhi lakini angalau saa 2 baada ya kuamka.

Testosteroni ni asubuhi. Tatizo lake kubwa ni mashine. Vipimo vya kingamwili vya hospitalini vilitengenezwa vikiwaangalia wanaume. Kwenye viwango vidogo vya msichana vinayumba. Kipimo cha kuaminika ni cha spektrometa ya uzito. Kama huna uwezo nacho, pima pamoja na SHBG (protini inayobeba homoni hizo kwenye damu) na uandike waziwazi udhaifu huo.

Halafu himoglobini haitoki kwenye mrija mwekundu, kwa sababu humo damu imeganda. Unahitaji mrija wa zambarau, mililita 2. Na uanze na mwekundu ndipo zambarau. Ukigeuza, dawa ya EDTA (ya kuzuia damu isigande, iliyo kwenye zambarau) huingia kwenye mrija wa homoni na baadhi ya vipimo vinavyotumia kimeng'enya cha fosfatezi huharibika bila mashine kukupa onyo lolote.

Uliza pia nani anameza vidonge vya nywele na kucha. Vile vyenye bayotini nyingi huvuruga vipimo vingi vya homoni: TSH, LH na FSH huonekana ndogo kuliko zilivyo, estradioli na testosteroni huonekana kubwa. Aache angalau siku 2 kabla.

---

Nesi_wa_Pasua

Naomba nizungumzie maswali yako mawili, maana hapo ndipo data itakapoharibika kabla hata ya sindano.

"Mzunguko wako ni siku ngapi?" Utajibiwa "siku nne". Utadhani binti hajui anachosema, kumbe amekujibu sawasawa. Kwa Kiswahili cha mtaani "siku zangu" ni siku za kutoka damu. Ukimwambia mzunguko, anaelewa hizohizo. Na hata yule anayeelewa, mara nyingi huhesabu kuanzia damu ilipokatika mpaka ilipoanza tena, kwa hiyo mzunguko wa siku 28 unaandikwa 23.

Usiulize namba. Uliza tarehe: "Mara ya mwisho kuingia mwezini, damu ilianza kutoka tarehe ngapi? Ilikatika tarehe ngapi? Mara iliyotangulia ilianza lini?" Siku utazihesabu wewe. Mpe kalenda ya mwaka huo yenye sikukuu, tarehe za kufungua shule na wiki za mitihani zikiwa zimeandikwa. Anakumbuka "ilikuwa Jumatatu ya mtihani" kuliko "tarehe 11". Lakini kumbukumbu inafika mwezi mmoja au miwili, zaidi ya hapo anabuni ili akufurahishe.

Kwa hiyo njia ya kweli ni kalenda ya kujaza. Kadi ngumu ya kukunja inayoingia mfukoni mwa sketi, miezi 4 angalau. Siku ya damu anaweka nukta, siku ya maumivu ya kumzuia darasani anaweka alama ya kuzidisha. Isiandikwe jina wala neno "hedhi" juu yake, namba ya utafiti tu. Matroni au mwalimu wa malezi asiikusanye. Mtu wa timu yako apite kila wiki mbili, na mara ya kwanza apite baada ya siku 7, maana wengi watakuwa wamekosea jinsi ya kujaza.

"Hedhi ya kawaida" nalo ni swali la kuondoa. Kawaida ya nani? Anayeumwa mpaka kutapika kila mwezi atakwambia kawaida, maana dada yake na mama yake nao ndivyo walivyo. Na kwa umri huu "kawaida" hutegemea amevunja ungo lini, jambo ambalo sioni umeliuliza kabisa. Uliza alikuwa darasa la ngapi na muhula gani. Wengi watakumbuka darasa kuliko umri.

---

Dkt_Mianzini

Nesi amegusa penyewe. Naongeza upande wa tiba.

Mwongozo wa kimataifa wa PCOS (ugonjwa wa vifuko vingi kwenye ovari) wa 2023 unagawa hivi. Mwaka wa kwanza tangu kuvunja ungo, kupishana kwa hedhi ni sehemu ya kukua. Kuanzia mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 3, isiyo na mpangilio ni ya chini ya siku 21 au zaidi ya 45. Kuanzia miaka 3, ni chini ya 21 au zaidi ya 35, au mizunguko pungufu ya 8 kwa mwaka. Akishavuka mwaka wa kwanza, mzunguko hata mmoja uliopita siku 90 unahesabika. Na ambaye hajavunja ungo kufikia miaka 15, au miaka 3 baada ya matiti kuanza, anatakiwa kuonwa na daktari.

Sasa tazama: ukichukua kipimo kimoja cha watu wazima, siku 35, ukakibandika kwa binti wa kidato cha kwanza, utapata "ugonjwa" mwingi usiokuwepo. Sababu iko kwenye ubongo. Kwa mtu mzima, estrojeni ikipanda na kukaa juu, pituitari (tezi ya ubongo) hujibu kwa kumwaga LH na yai linatoka. Kwa binti aliyevunja ungo karibuni jibu hilo halijakomaa. Estrojeni inapanda, LH haifumuki, yai halitoki, projesteroni haipo, ukuta wa mfuko wa uzazi unaendelea kunenepa mpaka unabomoka wenyewe. Ndiyo maana anakaa miezi miwili bila kitu halafu anatoka damu siku 10.

Kwa sababu hiyohiyo usithubutu kuandika PCOS kwa kipimo kimoja cha damu. Kwa wasichana wa umri huu vinatakiwa vyote viwili: mzunguko usio na mpangilio kwa vipimo nilivyotaja, NA dalili au kipimo cha androjeni (homoni za kiume) nyingi. Picha ya mionzi ya sauti ya ovari haitumiki kwao mpaka miaka 8 ipite tangu kuvunja ungo, wala AMH (kipimo cha damu cha akiba ya mayai). Vifuko vingi kwenye ovari ya binti wa miaka 15 ni jambo la umri. Chunusi pekee pia si ushahidi, zingekuwa ushahidi tungewatibu nusu ya darasa.

Jambo ulilosahau: kijiti, sindano na vidonge vya uzazi wa mpango. Wapo wanaotumia, na mzazi hajui. Mwenye kijiti au aliyechoma sindano, hedhi na homoni zake si zake tena. Usipouliza utawahesabu kuwa wagonjwa. Ukiuliza vibaya, yaani mwalimu akiwa karibu, utadanganywa. Swali hilo liwe la faragha kabisa, ikiwezekana ajaze mwenyewe kwenye tableti akiwa na visikizi.

Na yule asiyewahi kupata hedhi lakini ana maumivu ya tumbo yanayorudi kila mwezi, usimsubirishe mpaka utafiti uishe. Inawezekana damu inatengenezwa na haina pa kutokea kwa sababu kizinda kimeziba. Apelekwe hospitali wiki hiyohiyo.

---

Uzamili_Moshi

Asanteni mno, nimeelewa kwamba nilianzia mkiani. Je, nikipunguza: wote 320 wajaze kalenda na kupima himoglobini, halafu kundi dogo la 60 ndio wafuatwe kwa homoni? Hao 60 niwatoe damu mara ngapi? Na lile la kadi za damu kavu? Pia nilitaka kupima mimba kwenye damu hiyohiyo, niwatoe kwenye uchambuzi wenye ujauzito.

---

Maabara_Majengo

Huo sasa ni mpango. Kwa hao 60 achana na sindano nyingi, tumia mkojo. Mabaki ya projesteroni hutoka kwenye mkojo yakiitwa PdG, ya estrojeni E1G, na sampuli mbili kwa wiki kwa wiki 6 zinakuonyesha kama yai lilitoka, bila kumchoma mtu. Mkojo wa kwanza wa asubuhi, mililita 10 zinatosha. Bwenini mpe kikopo na mfuko usioonyesha ndani jioni ya jana yake, maana alfajiri vyooni kuna foleni na hakuna atakayerudi kukutafuta. Pima kreatinini kwenye kila sampuli na ugawanye kwayo. Aliyekunywa maji mengi mkojo wake umezimuliwa, na bila kreatinini utamwona hana homoni. Sampuli ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 siku hiyo, kisha igandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri. Vile vijiti vya PdG vya dukani vya kusoma kwa macho viliwekewa kipimo kwa watu wazima, usivitegemee hapa.

Damu watoe mara moja: siku ya 2 hadi 5, kwa TSH, prolaktini, testosteroni, FSH na LH. Binti akianza hedhi anakutumia ujumbe mfupi au anamwambia mtu wako, unamfuata ndani ya siku 3. Gharama ya bodaboda ya kwenda Kibosho ni ndogo kuliko ya vitendanishi utakavyotupa.

Kadi za damu kavu zinafaa kwa FSH na LH. Kwa estradioli na testosteroni za umri huu sikushauri, viwango ni vidogo mno kwa tone la mikrolita 50. Ukizitumia: chanja ubavuni mwa ncha ya kidole, tone la kwanza lifute, usikamue kidole (maji ya mwilini huchanganyika na damu), tone moja lijaze duara bila kurudia juu yake. Kadi ikauke ikiwa imelala mahali pa hewa, pasipo jua, saa 4 au zaidi. Msimu wa masika, Aprili na Mei, huku Moshi saa 4 hazitoshi, acha mpaka kesho yake. Kisha mfuko wa plastiki wa kubana, ndani pakiti ya kunyonya unyevu. Kadi iliyofungwa mbichi huota ukungu.

Kuhusu himoglobini, kuna mtego wa mlima. Kiwango cha WHO cha anemia kwa wasichana wa miaka 12 na kuendelea wasio wajawazito ni chini ya gramu 12 kwa desilita, lakini hicho ni cha usawa wa bahari. Kwa jedwali la WHO la 2024, mwinuko wa mita 500 hadi 999 unapunguza 0.4 kwenye kipimo, mita 1,000 hadi 1,499 unapunguza 0.8, na 1,500 hadi 1,999 unapunguza 1.1. Moshi mjini iko kundi la kwanza, Usa River la pili. Kibosho unapanda kwa kila kilomita, kwa hiyo pima mwinuko wa shule yenyewe kwa simu. Binti mwenye 12.3 Moshi mjini hubaki 11.9, ana anemia. Mwenye 12.3 hiyohiyo Usa River hubaki 11.5. Usiporekebisha, shule za juu zitaonekana zina damu nzuri kuliko za mjini na utaandika sura nzima kueleza kitu ambacho ni hewa tu. Jedwali la zamani lina namba nyingine, usichanganye mawili.

Ukiweza ongeza feritini (akiba ya madini ya chuma), lakini na CRP (kipimo cha uvimbe mwilini) pembeni yake. Feritini hupanda kukiwa na maambukizi, hivyo chini ya mikrogramu 15 kwa lita ni upungufu wa madini ya chuma kwa mzima, ila mwenye uvimbe au maambukizi kikomo chake ni 70.

---

Mama_Maadili

Mwanangu, hapo kwenye mimba simama kwanza.

Ukipima mimba, umejua. Ukishajua, huwezi kujifanya hujui. Nani ataambiwa kwanza? Kama jibu lako ni "mkuu wa shule", usipime. Tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu waliokatiza masomo kwa ujauzito kurudi shuleni, lakini ruhusa ya kurudi haifuti aibu ya siku ambayo jina limevuja. Kama unapima, basi fomu iseme wazi kwamba kipimo kimo, majibu apewe binti mwenyewe faraghani na mtu aliyefunzwa ushauri nasaha, na kituo cha afya cha rufaa kiwe kimekubali kwa maandishi kabla. Na yule wa miaka 13 au 14 mwenye mimba ni suala la ukatili, mpango wa ustawi wa jamii uwe umeandikwa tayari. Kama lengo ni kuwatoa tu kwenye uchambuzi, kalenda ya hedhi na PdG iliyobaki juu zaidi ya wiki mbili zitakushtua, na kamati itakuuliza hapo pia utafanya nini.

Vibali: kamati ya maadili ya chuo chako, kisha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa) kwa kadiri kamati itakavyokuelekeza, kisha TAMISEMI na mkoa. Lakini wewe una mikoa miwili. Usa River iko mkoa wa Arusha, kwa hiyo barua kwa Katibu Tawala wa Kilimanjaro na wa Arusha, halafu halmashauri tatu: Manispaa ya Moshi, Wilaya ya Moshi kwa ajili ya Kibosho, na Wilaya ya Meru. Panga miezi, si wiki. Novemba kuna mitihani ya taifa, usiende.

Ridhaa: kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo mzazi au mlezi asaini NA binti mwenyewe akubali. Mkuu wa shule hawezi kusaini badala ya mzazi, hata bwenini. Fomu ukimpa mwanafunzi apeleke nyumbani nyingi hazirudi. Subiri siku ya kufungua shule wazazi wanapowaleta watoto, au mkutano wa wazazi. Hapo chukua mrija mtupu na kijiko cha chai, waonyeshe: mililita 5 ni kijiko kimoja. Usipoonyesha, wiki ya pili utasikia habari za mumiani na shule nzima itakukimbia. Binti akikataa wakati mzazi amekubali, jibu ni hapana yake.

Data za afya ni taarifa nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Orodha ya majina na namba ikae kabati moja, data kompyuta nyingine.

---

Takwimu_Sakina

320 umeipata kwa kukadiria kwamba asilimia 30 wana tatizo, na kosa la asilimia 5, sivyo? Inatoka 323. Lakini fomula hiyo ni ya watu waliochaguliwa mmojammoja. Wewe unachukua shule. Wasichana wa bweni moja wanakula chakula kimoja, wanalala saa zilezile. ICC (kadiri watu wa kundi moja wanavyofanana) ikiwa 0.02 na ukichukua 40 kila kundi, kizidisho ni 1 + 39 × 0.02 = 1.78. Mara 323 ni 575. Weka asilimia 10 ya watakaokataa au kuhama: 639. Na hiyo ni kwa makundi 16 ya 40. Kwa shule nne tu hakuna fomula itakayokuokoa, ongeza shule na upunguze idadi kila shule. Shule 22 za watu 25, kwa mfano, kizidisho kinashuka mpaka 1.48.

---

Uzamili_Moshi

Nimepokea yote. Mimba nimeitoa. Shule naongeza, bweni na kutwa sawasawa. La mwisho kwa Maabara_Majengo: damu ya Kibosho niishushe vipi, na friji yetu umeme ukikatika?

---

Maabara_Majengo

Mrija mwekundu usimame wima dakika 30 ugande, usiutie kwenye baridi kabla. Ndipo boksi la baridi. Pakiti za barafu zitoe kwenye friza mapema, subiri mpaka ukizitikisa usikie maji ndani, na uzifunge gazeti. Damu ikigusa barafu moja kwa moja chembe hupasuka na seramu (maji ya damu) inakuja nyekundu. Sentrifuji (mashine ya kuzungusha mirija) ndani ya saa 2, dakika 10, kisha gawa seramu kwenye vichupa vya nusu mililita, kila kipimo chake, ili usiyeyushe na kugandisha tena chupa ileile. Lebo andika kwa penseli au lebo za friza, wino wa kalamu hufutika.

Umeme: gandisha kikombe cha maji kwenye friza hiyo, weka sarafu juu ya barafu. Ukirudi Jumatatu ukute sarafu imezama katikati au chini, sampuli ziliyeyuka wikiendi hata kama mashine sasa inasoma 20 chini ya sifuri.